Wimbo wa Kuzimia Taa

Jumatatu, 3 Machi

Nimeona tangazo! Jumba la maonyesho linatafuta watu wa mchezo mpya wa muziki. Kuigiza na kuimba papo hapo, si kusimama kwenye mstari kama kwaya. Usaili ni Jumamosi ya tarehe ishirini na mbili. Kila mtu aje na wimbo mmoja aliouchagua mwenyewe. Mmoja tu! Na uwe wimbo "unaotuonyesha wewe ni nani".

Hapo ndipo pagumu. Mimi ni nani siku hizi? Zamani ningejibu bila kufikiri: mimi ni sauti ya juu. Halafu ikaja tezi shingoni, ikaja oparesheni, ikaja miezi ya kimya ambayo nilizungumza kwa kalamu tu. Ndiyo maana hadi leo siachi kuandika, mkono ulishazoea kuwa mdomo. Sauti ilirudi mwaka jana. Lakini ilirudi imevaa nguo za mtu mwingine. Nzito, ina mchanga mchanga. Kwenye simu wananiita kaka.

Nafasi ninayoitaka: Mama Mwenye Nyumba. Mjane anayepangisha vyumba, anawagombeza wapangaji wake kutwa na kuwapenda kuliko wanavyojua. Nilipomaliza kusoma maelezo yake nikasema, huyu simwigizi, huyu ninaye nyumbani kwangu, nikijitazama kwenye kioo.

Nimemwambia mume wangu, Baba Kinda, peke yake. Alikuwa juu ya ngazi, anabadilisha taa ya sebuleni. Fundi umeme wa mtaa mzima, na taa ya kwake ilikuwa imekufa tangu mwezi uliopita! Akashuka taratibu. Akaniangalia. Akasema, "Hatimaye."

Neno moja. Nikaenda jikoni kujifanya nakatakata vitunguu.

Jumanne, 4 Machi

Kliniki ya meno leo ilifurika. Mtoto mmoja amemng'ata Daktari kidole. Kazi yangu ni kumpokeza vifaa, kushika mrija wa kunyonya mate, na kuwashika mkono wanaoogopa. Ile mashine ya kutoboa meno inalia sauti moja, ileile, tangu asubuhi. Zamani nilikuwa naifuatisha kimoyomoyo kwa juu. Leo nikajaribu kuifuatisha kwa chini, ndani ya barakoa. Mgonjwa akafumbua macho akiwa ameachama, akauliza kwa shida mashine ziko ngapi. Daktari alicheka hadi akaweka kifaa chini.

Nikaona hapo hapo ndipo pa kuombea ruhusa ya Jumamosi ile. Akakubali. Halafu akaniambia jambo nisilolijua: kipindi kile niko likizo ya ugonjwa, wagonjwa walikuwa wakimuuliza yule dada anayeimba imba kaenda wapi. Kumbe wananisikia!

Daktari huyu angeweza kumwajiri mtu mwenye sauti. Alikaa na kiti changu kitupu hadi niliporudi, na niliporudi sina sauti akasema, "Afadhali. Hapa anayetakiwa kufungua mdomo ni mgonjwa." Mungu ampe meno hadi uzeeni.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeamua. Nitaimba "Kilele".

Ni wimbo aliotutungia mwalimu wetu wa kwaya tulipokuwa wasichana, mimi na rafiki yangu Filimbi. Unapanda, unapanda, na mwishoni kuna noti moja ya juu kabisa, kama mtu aliyefika mlimani na hana pa kwenda tena. Wimbo huo ndio ulionipa jina. Watu walikuwa wakisimama. Sasa nikauonee haya?

Nimeujaribu bafuni, bomba likiwa wazi. Mwanzo si mbaya. Katikati, hm. Nilipofika kwenye ile noti, koo likafunga duka. Kilichotoka sijui nikiite nini.

Mama Mkwe akagonga mlango. "Mwanangu, umeungua?"

"Hapana, mama. Naimba."

"Basi sawa. Nilikuwa nimeshachukua mafuta ya kupaka."

Huyu mama alikuja kunisaidia wakati wa oparesheni, akasahau kuondoka. Nikimkumbusha nitakuwa mwendawazimu. Hana neno la kusifia hata moja mdomoni mwake, lakini uji ule wa wiki za kwanza, nilipokuwa simezi kitu, alikuwa anaukoroga na kuuchuja na kuukoroga tena.

Ila leo amenikasirisha. Kidogo.

Jumamosi, 8 Machi

Sijui nianzie wapi.

Nilikuwa na miadi kwa Vidole. Ni mwalimu wa muziki mstaafu, anafundisha piano sebuleni kwake, na vidole vyake ni virefu kama vijiko vya kukorogea. Nikafika mapema. Nikakaa kwenye benchi la nje, karibu na dirisha. Ndani mtu anaimba.

Anaimba "Kilele"!

Nikaijua sauti kabla ya mstari wa kwanza kwisha. Filimbi. Filimbi wangu! Tumekua pamoja, tumeimba pamoja, tumechapwa pamoja kwa kucheka kwenye mazoezi. Mimi nikiwa bubu alikuwa anakuja kila wikendi, anakaa kwenye ukingo wa kitanda, anaongea kwa niaba ya watu wawili. Ananiuliza swali, anajijibu, kisha ananikasirikia kwa jibu lile. Na leo yuko kwa Vidole, anaimba wimbo wangu, na hakuniambia.

Nikataka kuondoka. Niliinuka kabisa, mkoba begani. Halafu akafika kwenye kupanda.

Nimewahi kuuimba wimbo ule mara nyingi mno, lakini sikuwahi kuusikia. Aliyeko juu ya mlima hauoni mlima. Filimbi alipanda bila haraka, na ile noti ya mwisho hakuipigia kelele, aliiweka tu, kama mtu anayetua kikombe juu ya meza. Nywele zikanisimama. Nikakaa tena.

Alipotoka tukagongana macho. Akashika mdomo. Mimi nikasema, "Umeimba vizuri," na nilimaanisha, lakini sauti ilitoka kavu. Akasema ana haraka. Akaondoka karibu anakimbia.

Kwa Vidole sikuimba kitu. Nilimwambia koo linaniwasha. Akaniangalia juu ya miwani, akasema, "Binti, koo halina neno. Nenda nyumbani."

Jumapili, 9 Machi

Filimbi amekuja. Mchana, bila simu, macho yamevimba. Nikamfungulia mlango na kabla sijasema karibu akaanza. Kwamba aliona tangazo. Kwamba alijua nafasi ni moja, Mama Mwenye Nyumba, kwa wanawake wa umri wetu hakuna nyingine. Kwamba alidhani mimi sitaenda, kwa sababu ya sauti, na angeniambiaje anaenda kuimba mahali ambapo mimi siwezi? Angekuwa ananitonesha kidonda. Ndiyo maana akajificha.

"Na mimi sikukuambia," nikasema, "kwa sababu niliogopa utaniambia nisiende."

Akaniangalia kama nimemtukana. "Mimi? Nikuambie usiende?"

Tukacheka hadi Mama Mkwe akatoka chumbani kuuliza nani amefariki. Maana vicheko vyetu kwa nje vinafanana na vilio.

Kisha akasema ameamua kuuacha "Kilele". Ni wako, akasema, mimi nitatafuta mwingine.

Hapo nikamshika mkono. Nikamwambia ukweli nilioulalia usiku mzima. Kwamba wimbo ule ulikuwa wangu. Kwamba nilipomsikia jana niliumia, halafu kuumia kukaisha, nikabaki nasikiliza tu. Nikamwambia asipouimba sitamsamehe. Akalia, mimi nikalia, Mama Mkwe akaleta chai na kuuliza kama tunalia kwa zamu au kwa pamoja, ajue idadi ya vikombe.

Basi. Sina wimbo. Lakini nina Filimbi. Sijutii.

Jumatano, 12 Machi

Sina wimbo bado. Kila mtu ana wake wa kunipa.

Baba Kinda: niimbe ule wa harusi yetu. Harusini aliyeimba ni dada yake, mimi nilikuwa nakula keki.

Kinda, mtoto wetu, ana miaka sita: niimbe wa kuhesabu. Anauimba yeye hadi mia moja. Tunaujua, mwanangu, tunaujua.

Daktari: wowote, mradi nifungue mdomo vizuri, ameshughulikia jino langu la nyuma na anataka lionekane.

Filimbi amenitumia nyimbo kwenye simu kila baada ya muda mfupi, simu inatetemeka kama ina homa. Nyingine nzuri. Nimekwenda kuzijaribu kwa Vidole baada ya kazi. Mmoja wa huzuni sana, najisikia kama nimevaa gauni la msiba la mtu mwingine. Mmoja wa kuchekesha, naimba huku nafikiri, sasa wacheke, sasa wacheke. Vidole alikuwa anapiga piano tu. Mwisho akaifunga mfuniko.

Akasema zote nimeziimba sawasawa. Akasema hilo ndilo tatizo. Ninaziimba kama mtu anayevuka barabara, naangalia kulia na kushoto nisigongwe.

Nikamuuliza sasa nifanye nini. Akasema nitafute wimbo ambao nikiuimba sikumbuki kwamba nina koo.

Rahisi kusema!

Nimerudi kwa miguu. Nilipopita mbele ya duka la viatu nikaona sura yangu kwenye kioo, midomo inatembea. Nilikuwa najisemea. Mwaka juzi mwezi kama huu nilipita hapohapo na bendeji shingoni, sina hata neno la kumjibu muuzaji aliyenisalimia. Leo nalalamika kwamba nyimbo ni nyingi na sijui nichague upi. Nikasimama pale nikajicheka. Muuzaji akanipungia mkono.

Ijumaa, 14 Machi

Nimeupata. Nimeupata! Nitulie, niandike kwa mpangilio.

Baba Kinda aliitwa jioni kwenye jengo moja lililokosa umeme. Kumlaza Kinda ikawa zamu yangu, jambo ambalo ni nadra, maana tangu oparesheni kazi hiyo ameishika baba yake na mtoto hataki mabadiliko. Zamani nilikuwa namwimbia ule wa ndege, ndege wamerudi kiotani, mbawa wamezikunja. Niliponyamaza, mtoto alikuwa mdogo, halali bila wimbo. Basi baba yake akachukua kazi. Mtu asiye na sikio la muziki hata kidogo! Maneno hayajui, ndege amewasahau, akaweka anachokijua yeye. Mimi nilikuwa nasikia kutoka chumba cha pili, bendeji shingoni, siwezi kucheka maana kucheka kunauma.

Leo nikaanza ule wa ndege. Kinda akakaa wima kitandani. "Siyo huo. Wa baba."

Nikamwambia siujui vizuri. Akaniambia, kwa subira, kama mwalimu, kwamba atanifundisha. Na akanionya: usipande juu, mama, baba hapandi.

Basi nikashuka. Nikashuka kule chini anakoimbia baba yake, mahali ambapo zamani sikuwa na sauti kabisa, ningekuwa napumua hewa tu. Na huko chini nikakuta pana nafasi. Pana sakafu, pana viti, mtu anaweza kukaa.

*Swichi imelala, waya umelala,*
*soketi imefumba macho;*
*nazima ya jikoni, nazima ya mlangoni,*
*ya kwako nazima mwisho.*

Nilifika "ya kwako nazima mwisho" mara ya pili ndipo nikashtuka. Sikuwa nimekumbuka koo. Sikuwa nimelikumbuka hata kidogo.

Kinda alikuwa amelala. Nikageuka, Mama Mkwe amesimama mlangoni na rundo la nguo alizokunja. Sijui alikuwa pale tangu lini. Nikasubiri neno. Nilijiandaa hata na la kuungua.

Akaweka nguo juu ya kiti, akanivuta kichwa, akakigusisha na bega lake kidogo tu. Akaenda zake.

Na nikafikiria yule mjane wa kwenye mchezo. Wapangaji wamelala, yeye anapita chumba hadi chumba anazima taa. Si ndiye huyo? Si ni yeye kabisa?

Baba Kinda aliporudi nikamwambia nimechagua wimbo, nao ni wake. Akauliza wimbo upi. Nikamwimbia mstari mmoja. Akaniziba mdomo kwa mkono, ameona haya hadi masikioni. "Mke wangu, ule ni upuuzi. Niliutunga kwa sababu sikuwa na la kufanya."

Nikamwambia najua. Ndiyo maana nautaka.

Jumamosi, 15 Machi

Sina mbavu leo.

Vidole alisema wimbo hauna noti, hauna maandishi, basi aletwe mtunzi. Nimemburuta Baba Kinda. Kavaa shati la kanisani! Akasimama kando ya piano mikono nyuma, kama mtu anayesubiri hukumu. Vidole akampa sauti ya kuanzia. Baba Kinda akaikataa, si kwa kusudi. Akaanza pengine kabisa.

Vidole anamfukuza kwa piano. Anamkaribia, anakaribia kumshika, Baba Kinda kahama. Mwishoni Vidole akainua mikono yote miwili. "Shemeji, umepita funguo nne katika mstari mmoja. Nimepiga piano maisha yangu yote, sijawahi kumwona mtu mwenye afya akifanya hivyo."

Baba Kinda kwa heshima kabisa: "Huwa napita tano. Leo nimebanwa."

Filimbi alikuwepo, alikuja kusikiliza. Aliteleza kwenye kochi hadi sakafuni.

Lakini alipotulia, Vidole akapata njia. Akachukua anapoanzia Baba Kinda, akachukua ninapoukalia mimi, akauandika chini kabisa, piano inagusa kidogo tu kama mtu anayetembea bila viatu. Kisha akaniambia niimbe.

Nikaimba. Hakuna aliyecheka. Filimbi akainuka pale sakafuni akakaa vizuri. Baba Kinda alikuwa ananiangalia, na nikamwona akijifunza wimbo wake mwenyewe.

Njiani kurudi akasema kuna jioni moja alipokuwa anauimba ule wimbo kwa Kinda, alikuwa anaomba. Hakujua kuomba kwa maneno mengine. Alikuwa anaogopa kwamba sitaongea tena, na hakutaka nimwone anaogopa, kwa hiyo akawa anataja vifaa.

Sikujua. Miezi yote ile nilidhani anamchekesha mtoto.

Jumanne, 18 Machi

Daktari kauliza nimechagua nini. Nikamwambia, wimbo wa kuzimia taa. Akasema, "Wa kuzimia? Hapa wanazimia bila wimbo, wakiona sindano tu." Mgonjwa kwenye kiti akataka kuinuka aende nyumbani.

Nimemwimbia huyo mgonjwa ili atulie. Taratibu, ndani ya barakoa. Mzee wa watu, mikono imekamata kiti kama yuko kwenye jahazi katikati ya dhoruba. Nilipofika "nazima ya mlangoni", mikono ikalegea.

Wasiwasi nao upo. Wengine watakuja na nyimbo kubwa, za kupasua paa. Mimi nakwenda na soketi. Filimbi anasema nisimlinganishe samaki na baiskeli. Sijui ameutoa wapi msemo huo, lakini umenisaidia.

Alhamisi, 20 Machi

Nimeamka sina sauti.

Hakuna. Nimefungua mdomo kumwamsha Kinda, imetoka hewa. Ni vumbi la jana? Kliniki wanapasua ukuta wa nyuma, vumbi kila mahali. Ni mazoezi? Au ni ile… sitaki kuandika.

Nagonga ukuta kumwita Baba Kinda.

Baadaye, mchana. Baba Kinda amenipeleka kwa mtaalamu wa koo, yuleyule aliyenipasua. Akachungulia. Akasema koo limevimba kidogo, si zaidi, ninyamaze kabisa leo na kesho na ninywe maji ya vuguvugu. Nikaandika kwenye kiganja: JUMAMOSI? Akasema hawezi kuniahidi. Lakini akasema pia kwamba nyuzi zangu mbili za sauti zinacheza vizuri, zote mbili, na kwamba siku ya oparesheni hakutegemea kuja kuyasema maneno hayo.

Basi tumerudi kwenye kimya. Lakini si kimya kile. Kinda amewatangazia majirani wote mama amefungwa sauti, naye sasa ananong'ona, ananong'onea hata paka. Mama Mkwe amekoroga uji. Ameuchuja. Filimbi amekuja akakaa ukingoni mwa kitanda. Akauliza swali. Akajijibu. Akanikasirikia.

Nikiangalia nyumba hii naona aibu kuogopa. Wanajua kazi. Walishaifanya.

Ijumaa, 21 Machi

Mchana nilijaribu "mmm". Ipo. Nyembamba kama uzi. Nikaiacha, nisiitumie.

Filimbi kasema akiulizwa atasema wanisubiri hadi Jumatatu, hata kama itabidi alale mlangoni mwa jumba. Nikamwandikia: shindana na mimi, usinitetee! Akasema anaweza kufanya yote mawili, ana mikono miwili.

Jumamosi, 22 Machi

Naandika nikiwa kwenye korido ya jumba la maonyesho, mgongo ukutani. Nimeshaimba!

Sauti asubuhi ilikuwa inakwaruza, ila ipo. Mama Mkwe alinifunga skafu shingoni kwa mkono wake, akanikagua, akasema, "Nenda. Ukiimba ule wa bafuni usirudi." Kwa mizani yake hiyo ni baraka kamili.

Korido ilijaa. Wasichana warefu wanapasha sauti moto, mama mmoja anatembea tembea anaongea na ukuta. Walioingia kabla yangu walipasua paa kweli. Nilisikia kila kitu kupitia mlangoni. Nikamwambia Filimbi naondoka. Akaninyang'anya mkoba wangu, akaukalia.

Ndani: jukwaa tupu, piano kando, watu watatu mezani. Mwongozaji ni mwanamke mwenye miwani mikubwa, anakula karanga bila kuangalia. Akauliza naimba nini. Nikasema. Akauliza ni wa nani. Nikasema, wa fundi umeme.

Wakacheka kidogo. Mpiga piano akaanza, bila viatu, kama alivyoandika Vidole.

Mstari wa kwanza sauti ilikwaruza. Niliisikia, wao waliisikia. Zamani ningesimama, ningeomba radhi. Leo nilikuwa nimeshafika jikoni, nazima. Nikaenda mlangoni. Nikawaona wote, Kinda na miguu yake nje ya shuka, Mama Mkwe na nguo zake za kukunja, Baba Kinda shati limemkaba. Ule mkwaruzo ukakaa humo ndani kama mmoja wao. Niliponyamaza nikagundua Mwongozaji ameshika karanga moja hewani, hajaila.

Akasema niimbe tena, nimekaa. Nikaimba nimekaa kwenye ngazi ya jukwaa. Akasema niimbe tena, nikimgombeza mtu. Nikamgombeza mpiga piano kwa nini hajalala. Akazima taa ya piano, kweli, akaizima!

"Usiondoke," akasema Mwongozaji. "Subiri nje."

Kisha akaingia Filimbi. Nikaweka sikio mlangoni bila aibu. "Kilele". Alipoanza kupanda nikawa nashika kitasa kwa mikono miwili, namwombea, panda, panda, na alipoiweka ile noti ya mwisho nilipiga makofi peke yangu kwenye korido na yule mama wa ukutani akashtuka.

Naye akaambiwa asubiri.

Wengine wamekwenda nyumbani. Tumebaki wawili kwenye benchi. Nafasi ni moja, tunajua sote. Amenimenyea chungwa. Ameniuliza nimemwonaje. Nikasema nimemwona kama mtu ambaye ningemchagua. Akasema ndivyo alivyotaka kuniambia, sasa nimemuibia jibu.

Mwongozaji ametoka mwenyewe. Amesimama mbele yetu, ametuangalia mmoja mmoja, ameuliza kama tunafahamiana. Tulicheka. Akasema basi tuingie pamoja, anataka kutusikia kwa wakati mmoja, wimbo wowote tunaoujua sote wawili, tuchague wenyewe. Amerudi ndani, ameuacha mlango wazi.

Nikamwambia Filimbi, "Kilele", nitakushikia chini.

Anatikisa kichwa. Anasema hapana, wa fundi. Nianze mimi kulekule chini, yeye atapita juu yangu, polepole, asinifunike. Namwambia hatujawahi kuufanyia mazoezi hivyo. Anasema amekuwa akiufanyia peke yake tangu ile siku kwenye sakafu ya Vidole. Amesimama tayari, anafuta mikono kwenye sketi yake, ananinyooshea mmoja, na kule ndani mpiga piano, aliyetusikia, ameshaanza kutupa sauti ya kuanzia.